Kifua Hakisikiki kwenye Karatasi

Kikambala
14 Januari 2024

Dada yangu Rayhana,

Shikamoo, na assalaamu alaykum. Zipokee salamu zangu ukiwa umekaa, maana nina mengi. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Mwanasiti anakushukuru kwa achari ya maembe. Haikumaliza wiki, na aliyeimaliza si mimi peke yangu. Wageni wa mwisho wa mwaka wameshaondoka, na pale mapokezi ya hoteli tunatazamana sisi kwa sisi.

Utashangaa binamu yetu Uthman akikuletea karatasi katika safari zake ilhali simu zipo. Nikueleze, na usikasirike. Nikikupigia, wewe husikilizi maneno, wasikiliza kifua. Nasema mawili, unanikatiza: "Mazin, unahema." Nakwambia nimetoka kupanda ngazi. "Ngazi gani, na kwenu hakuna ghorofa?" Hapo mazungumzo yamekwisha. Umenilea tangu nina miaka saba, sikulaumu. Lakini safari hii nataka unisikie mpaka mwisho, na kifua hakisikiki kwenye karatasi.

Mwezi wa Novemba nilibanwa na pumu nikiwa kazini, nikapelekwa hospitali kwa gari la hoteli. Sikukwambia. Huko nikaelekezwa kwa daktari wa mzio mjini Mombasa, mama mmoja aitwaye Daktari Kioko. Alinitia matone kumi na mawili mkononi, akalichoma kila moja kidogo kwa ncha ya sindano, tukasubiri robo saa. Tone moja likafura kama punje ya kunde. Nikamuuliza ni la nini. Akasema ni utitiri wa vumbi la nyumbani. Si ule wa kuku. Huu hauonekani kwa macho, na hukaa kwenye magodoro na mito, hasa ya zamani, hasa penye unyevu kama pwani yetu.

Fikiria, dada. Mimi niliyezaliwa juu ya karakana ya mito ya sufi.

Tiba yake ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Anataka kunidunga utitiri huo huo. Kidogo sana mwanzoni, kisha kila wiki aongeze, kwa miezi kadhaa, halafu mara moja kwa mwezi kwa miaka mitatu au zaidi, mpaka mwili uache kumwona kila mgeni ni mwizi. Inhela yangu ya kuvuta siachi, na hakuniahidi kupona. Alisema wengine huwafaa sana, wengine kidogo, wengine haiwasaidii. Nimekubali. Miaka kumi na moja sijalala kwetu kwa ajili ya kifua hiki. Nakuja Idd, nakaa kibarazani saa moja, naondoka, na majirani wanasema nimeoa nikasahau nilikotoka. Mimi nataka kulala kwetu.

Kuna swali moja kwenye fomu nimeliacha wazi: katika familia ni nani aliyekuwa na pumu? Baba hakuwa nayo. Mama alikufa kwa moyo. Kuna mwingine? Nijibu hilo.

Mbusu mpwa wangu Kamaria.

Mdogo wako,
Mazin


Malindi
2 Februari 2024

Mazin babangu,

Marahaba, na alaykum salaam. Waraka wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani ya karibu, mara ya pili kwa hasira.

Sisi wazima. Baba yake Kamaria amepiga simu kutoka Maskat, mkataba wake umeongezwa mwaka mmoja. Fondo, fundi wa Baba asiyechoka, ameleta sufi mpya kutoka Vitengeni, magunia tisa, nyeupe kama povu. Mwaka huu misufi imezaa. Tuna kazi ya mito ya harusi mbili kabla ya Ramadhani, na mikono ni ile ile, yangu na ya Fondo na wale wasichana wawili wa kushona mifuko ya mito ya marudufu.

Sasa huo utitiri. Nyumba hii mie naifagia asubuhi na jioni. Godoro linaanikwa juani kila Ijumaa tangu enzi za Baba. Sina kuku, sina bata, sina utitiri. Mtu aende Mombasa aambiwe na daktari kwamba kwao ni kuchafu, akubali, aandike na barua.

Na hiyo tiba, kumdunga mtu kitu kinachomuua? Mie sikusoma kama wewe, lakini aliyeumwa na nyoka hatiwi sumu akaambiwa azoee. Wadhani Mwanasiti atabaki na nani? Njoo nyumbani nikuchemshie tangawizi na habasoda, ukae barazani upate upepo.

Kamaria hajambo. Ana mafua kidogo, ni vumbi la kaskazi. Anahifadhi Kurani vizuri, mwalimu wake wa chuoni anamsifu.

Achari nyingine nimempa Uthman. Mwambie Mwanasiti afiche.

Mie dadako,
Rayhana


Kikambala
9 Machi 2024

Dada Rayhana,

Shikamoo. Nyumba yako ni safi, na aliyesema chafu si mimi wala si daktari. Nilimuuliza hasa kwa ajili yako. Akasema hata kitanda cha mfalme kinao, maana chakula chao ni ngozi yetu tunayoipukutisha tukilala. Ufagio hauwamalizi.

Nimeshadungwa mara saba. Kila Jumanne napata ruhusa kazini. Nikifika, muuguzi, jina lake Linet, ananiuliza kifua kikoje, kisha ananipa kifaa nipulize kwa nguvu, anasoma namba. Namba ikiwa ndogo, hakuna sindano siku hiyo. Ikiwa nzuri, ananidunga chini ya ngozi ya mkono wa juu, halafu nakaa kwenye benchi nusu saa nzima, siruhusiwi hata kwenda kununua maji. Mkono unawasha na kufura, jioni unatulia. Ramadhani ikiingia nitaendelea. Nimemuuliza shekhe wa msikiti wetu, akasema sindano isiyo lishe haifunguzi saumu.

Hukunijibu swali la fomu. Labda halikuonekana, niliandika chini kabisa. Ni nani kwetu aliyekuwa na pumu?

Na Kamaria. Umesema mafua ya kaskazi. Aliponipigia kwa simu yako mwezi wa Oktoba alikuwa akipiga chafya, na Oktoba kaskazi haijaanza. Mimi pia nilianza na pua. Asubuhi chafya kumi, macho mekundu, nikasemwa mvivu wa kuamka. Kifua kilifuata baadaye. Daktari Kioko anasema watoto wengine wakitibiwa mzio mapema, ukiwa bado puani, huenda usishuke kifuani. Si kwa kila mtoto, lakini inafaa kujaribu. Mlete apimwe. Mkono tu na matone, hata halii mtu.

Nakuombea Ramadhani njema.

Mazin


Malindi
20 Aprili 2024

Mazin,

Idd imepita, nawe hukuja hata kwa ile saa yako moja. Mwanasiti alisema kwenye simu kwamba ulikuwa na zamu. Haya.

Huku mvua imeanza kwa nguvu. Sufi hainuki vizuri ikipata unyevu, tumeifunika kwa maturubali na kufunga madirisha ya karakana. Kamaria hakusoma mbele ya watu siku ya khitma ya Ramadhani. Sauti ilimkauka. Watoto wengi walikuwa hivyo.

Usiniandikie tena habari za sindano. Mtoto ni wangu.

Rayhana


Kikambala
18 Mei 2024

Dada Rayhana,

Shikamoo. Niko salama. Mvua huku ni nyingi mno, barabara ya kuingia hotelini imekatika, na kazi imenibana, ndiyo maana naandika kwa haraka. Mwandiko usikushughulishe, nimeandikia magotini.

Tuonane karibuni inshallah.

Mazin


Malindi
27 Mei 2024

Wewe Mazin,

Salamu sina.

Tarehe kumi na tano Uthman alipita kwako na mzigo wangu. Akamkuta Mwanasiti mlangoni, kashika chupa ya uji, anakwenda Mombasa hospitali. Mwanasiti akamwapisha asiniambie. Uthman mtoto wa ami yetu hajui kufanya siri. Siku kumi alikuwa akija hapa haangalii usoni, jana akaweka kijiko chini katikati ya wali akasema, "Rayhana, Mazin alikuwa afe."

Sindano yenu. Midomo ilifura, koo likaziba. Na siku tatu baadaye waniandikia mvua na barabara. "Mwandiko usikushughulishe." Ulikuwa na tundu la dripu mkononi, mwongo we.

Nakuamuru, si kama dada, kama niliyekubeba mgongoni mpaka shule siku za kubanwa kwako: acha. Umejaribu, basi. Watu wameishi na pumu wakazeeka.

Kamaria hajambo. Neno hilo nimelipigia mstari chini ili usiniulize.

Rayhana


Kikambala
10 Juni 2024

Dada Rayhana,

Shikamoo. Nisamehe. Hasira yako ni haki yako, na sasa nitakwambia yote, kisha uamue kama wataka kunijibu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na siku hizo zote kifua kilikuwa kimebana. Wiki ya nyuma yake nilikosa sindano kwa sababu ya homa, na dozi zangu zilishaanza kuwa kubwa. Niliogopa nikikosa mara ya pili watanirudisha nyuma. Nikaingia msalani pale kliniki, nikavuta inhela mara nne, nikasubiri kidogo, nikatoka. Linet akaniuliza, "Kifua vipi leo?" Nikamwambia, "Safi kama cha mtoto." Nikapuliza. Namba ikatoka nzuri, kwa nguvu ya ile inhela. Akanidunga.

Nilikaa benchini. Dakika ya kumi viganja vikaanza kuwasha, kisha masikio. Nikajiambia itapita. Unaona, hata hapo nilinyamaza. Mama aliyekaa karibu yangu na mtoto wake ndiye aliyemwita Linet, alipoona midomo yangu. Nilisikia koo likifungwa kama mdomo wa gunia. Linet alinichoma adrenalini pajani, juu ya suruali, hakungoja nivue. Wakaniwekea oksijeni. Nikalazwa siku mbili. Hiyo nusu saa ya benchi ambayo mie nilikuwa naiona ni ya kupoteza wakati ndiyo iliyonipa umri.

Asubuhi yake Daktari Kioko akaja, akakaa kitandani pangu. Mwanasiti alikuwa amekwisha kumwambia juu ya ile inhela, aliikuta mfukoni ikiwa tupu. Hakunifokea. Aliniuliza, "Ni nani aliyekufundisha kuficha kifua?"

Nikamwambia hakuna aliyenifundisha. Maana sikumbuki kufundishwa. Nakumbuka tu kwamba nikiwa mdogo, wakija wageni, niliambiwa nikakohoe nyuma ya nyumba.

Akasema, "Siwezi kumtibu mtu anayenidanganya. Ukirudi, njoo na kifua chako kama kilivyo. Namba nzuri sizihitaji."

Dada, narudi. Wamenishusha dozi mpaka karibu na mwanzo, na kwanza nimekaa wiki tatu kwa dawa za kutuliza kifua. Jumanne naanza tena. Kosa halikuwa la sindano, lilikuwa langu. Nikiacha sasa nitakuwa nimeadhibiwa bure.

Sasa la Kamaria. Umelipigia mstari neno "hajambo". Nimekaa nawe miaka ishirini, nakujua. Neno la kweli hujapata kulipigia mstari. Mtoto aliyesifiwa na mwalimu wake hasomi siku ya khitma, sauti imemkauka. Nimemficha Linet kifua changu nikafika mlangoni mwa kaburi, na mimi ni mtu mzima, nilijua ninachofanya. Yeye ana miaka minane.

Anahema usiku? Niambie. Na swali la fomu, sasa ni mara ya tatu.

Mazin


Malindi
3 Agosti 2024

Mazin babangu,

Alaykum salaam. Nimekawia. Barua hii nimeianza mara nne.

Anahema. Tangu mwezi wa Februari. Kwanza alikuwa akipiga chafya tu, kisha akaanza kuamka alfajiri akikaa kitako kitandani, kifua kinapiga mluzi. Nilikuwa nikimpaka mafuta ya karafuu na kumwambia ni mafua. Siku ya khitma alianza kukohoa tukiwa njiani, nikamrudisha nyumbani kabla watu hawajamsikia. Sauti haikumkauka. Niliogopa isije ikatoka.

Sasa swali lako. Nililiona tangu mara ya kwanza.

Mama hakufa kwa moyo. Mama alikuwa na pumu. Aliificha tangu anaolewa. Baba alijua, na mimi nilijua, na Fondo. Wengine hapana. Siku hizo nyumba ikisemwa ina pumu, binti zake hawaposwi. Alikuwa akibanwa anasema ana kiungulia, anakwenda kujifungia.

Siku aliyokufa walikuja watu kuniposa. Wanawake watano kutoka Mambrui, wamekaa sebuleni juu, mimi nimejifungia chumba cha pili nimepakwa hina. Mama alikuwa akiwapa kahawa. Nikamsikia anaanza. Unaijua ile sauti ya mwanzo, kama mtu anayesafisha koo na halisafiki. Nikafungua mlango kidogo, nikamwita. Nikamwambia, "Mama, shuka chini, watakusikia."

Akanitazama. Akatikisa kichwa kwamba sawa. Akaweka birika, akawaambia wageni anakwenda kutazama tanuri, akashuka.

Tanuri halikuwako, Mazin. Alikwenda karakana, maana ndiko kwenye mlango mzito, akaufunga asisikike. Tulikuwa na kazi ya mito arubaini, sufi ilikuwa imechambuliwa siku ile ile, inaelea hewani kama moshi. Akakaa humo. Mimi juu nikawa nashukuru kimya kimya kwamba hasikiki.

Fondo ndiye aliyefungua. Alimtoa kambeba mikononi. Wewe ulikuwa chuoni. Baba akasema ni moyo, na siku ya tatu akatukalisha mimi na Fondo, akasema ni moyo mpaka kufa kwetu. Wale wa Mambrui hawakurudi. Posa yenyewe haikuwa.

Kila nikikusikia unahema kwenye simu, namsikia akishuka ngazi. Ndiyo maana nakukatiza.

Daktari wako alikuuliza nani aliyekufundisha. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekutuma ukakohoe nyuma ya nyumba. Na Kamaria nimeshaanza kumfundisha.

Sijui nifanye nini na waraka huu nikiumaliza. Nitampa Uthman kabla sijabadili nia.

Rayhana


Kikambala
13 Agosti 2024

Dada Rayhana,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nane. Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira, Mwanasiti akaniacha nipoe. Miaka ishirini na minne nimekuwa nikimwombea mama aliyekufa kwa maradhi ambayo hakuwa nayo. Hasira hiyo bado ipo kidogo, sitakuficha. Kuficha nimeacha.

Lakini nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu, na kila nikifika kwako namkuta msichana wa miaka ishirini na moja, ana hina mikononi, anaogopa kukosa mume kama alivyofundishwa aogope. Na Mama naye alikubali kushuka kwa sababu alikuwa akishuka miaka yote. Hukumsukuma. Ulisema lile ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilisema.

Nimezungumza na Daktari Kioko. Kamaria ataonwa Jumanne, tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi. Panda basi la mapema, nitakungoja kituoni Mombasa. Njoo na kila dawa uliyompa, hata mafuta ya karafuu. Fomu utaijaza wewe, na jina la Mama uliandike kamili.

Ukija na ukaogopa, ogopa. Mimi nitakuwepo.

Mazin


Malindi
22 Februari 2025

Mazin babangu,

Assalaamu alaykum. Nipe habari za Mwanasiti, kichefuchefu kimepungua? Mwambie ale ukwaju, na asiinue ndoo. Uthman atakuja na kikapu, ndani mna achari, mna viazi vitamu vya Fondo, na nguo za mtoto alizovaa Kamaria, nimezifua kwa maji ya moto kama daktari alivyosema.

Karakana tumemaliza kuihamisha. Sasa iko Muyeye, kwenye kiwanja nilichokodi, banda la mabati lenye upepo pande tatu. Fondo ananung'unika kwamba jua linampiga, lakini amenunua kofia mpya. Chini ya nyumba pamebaki wazi. Nimepapiga chokaa. Wafanyakazi wote wanajifunga kitambaa puani wakichambua, nami najifunga, na msichana mmoja aliyekuwa akipiga chafya kila siku nimemhamishia kwenye kushona. Mito ya zamani ya vyumbani nimeitoa yote. Ule wa Mama pia. Nilikaa nao kidogo kwanza.

Tangu ulale hapa mwezi wa Disemba, majirani hawana la kusema. Nimefurahi kwamba sasa sindano yako ni ya mwezi kwa mwezi na kwamba umelala siku mbili ukahitaji inhela mara moja tu. Najua bado miaka. Najua pia daktari alisema huenda ukabaki hapo ulipo. Hapo ulipo si pabaya.

Kamaria anaendelea na yale matone ya utitiri ya chini ya ulimi, badala ya sindano kama zako. Niliogopa tone la kwanza tulipopewa kule kliniki kuliko siku niliyomzaa, lakini sasa ni kazi ya kila asubuhi: anaamka, natia, anakaa dakika mbili bila kumeza mate akitazama saa ya ukutani, mimi namtazama yeye. Midomo ikiwasha ananiambia. Siku moja alikuwa na kidonda mdomoni, akaniambia, tukaruka siku. Chafya zimepungua. Kifua bado kinambana mara moja moja, na Daktari Kioko aliponiona nimeanza kufurahi mapema alinikalisha: "Mama Kamaria, hii ni miezi mitatu. Mimi naomba miaka mitatu." Nimempa.

Nataka nikwambie la Alhamisi.

Chuoni kulikuwa na siku ya kusoma kabla ya Ramadhani. Watoto kumi na wawili, wazazi tumejaa, na wageni kutoka misikiti mingine. Wanawake tulikaa upande wa ukuta. Kamaria alikuwa wa tano. Alianza vizuri, ile sauti yako ya utotoni, pana. Alipofika katikati nikasikia. Wengine hawakusikia bado, mimi nilisikia. Ile ya mwanzo, ya kusafisha koo.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, Mazin. Ulikuwa hewani tayari, kumwashiria atoke nje.

Kabla hajaniona akanyamaza. Akamgeukia mwalimu wake, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba maji: "Samahani mwalimu, kifua kimenibana. Nitavuta dawa yangu, kisha nitaendelea." Akatoa inhela mfukoni mwa kanzu yake. Akaitikisa, akavuta, akahesabu kwa vidole. Akavuta tena. Bibi mmoja wa makamo karibu yangu, simjui, aliniuliza kwa kunong'ona, "Ana pumu, yule?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni binti yangu. Na bibi yake alikuwa nayo."

Mkono nikaushusha, nikauweka mapajani, nikaushika kwa ule mwingine. Watu walikaa wakangoja, hakuna aliyeondoka. Kisha Kamaria akavuta pumzi, akarudi kwenye aya aliyoiachia, akasoma mpaka mwisho.

Dadako akupendaye,
Rayhana